Upana wa Lango

Gari liliwaka asubuhi, ng'ombe wakiwa bado ndani ya boma, na nusura waue mtu. Nyamhanga alizungusha hendeli ya mbele, likakohoa. Akazungusha tena, likatema moshi mweusi. Kisha likanguruma mpaka kuku wakapanda juu ya paa, na ndama mmoja akaruka vyungu vya mama yake Nyamhanga akaingia jikoni. Wanawake walipiga vigelegele, watoto wakakimbia, wakarudi, wakakimbia tena. Nyamhanga alisimama mbele ya gari lake mikono imejaa grisi, machozi yanamtoka bila aibu. Mtu mzima, aliyerudi salama kutoka vita vya Wazungu kule Bama, ng'ambo ya bahari, analia kwa sababu ya injini! Lakini msimcheke mapema. Alikuwa ameisubiri sauti ile tangu mavuno ya mwaka juzi.

"Wegesa!" aliita. "Leta sanduku!"

Wegesa, mkewe, sanduku alikuwa nalo mkononi tayari, mtoto mgongoni. Alikuwa amelifunga tangu mvua za kwanza, na kila mavyaa yake alipouliza nguo zako ziko wapi, alijibu ziko safarini. Akapanda, akaketi kando ya mumewe, akakiweka sawa kitambaa cha kichwa. Nyamhanga akatia gia. Gari likasogea taratibu katikati ya boma, likapita kibanda cha mbuzi, likafika langoni, likasimama.

Nyamhanga akashuka. Akatazama nguzo ya kushoto, akatazama ya kulia. Akazunguka nyuma ya gari, akaja tena mbele, kama mtu anayetumaini lango litakuwa limebadili mawazo.

"Kuna nini?" Wegesa akauliza.

"Halipiti."

"Halipiti vipi?"

Alifungua kamba ya katani iliyokuwa kiunoni mwake, kamba yenye fundo, akapima nayo kutoka gurudumu la huku hadi gurudumu la kule. Sawasawa. Akaenda nayo langoni. Fundo likapita nguzo kwa zaidi ya mkono mzima. Akapima tena, safari hii polepole, na fundo likapita vilevile.

Majirani waliokuja kushangilia wakapata jambo jipya la kushangilia. "Mura, kijana wetu, lango limekonda au gari limenenepa?" mmoja akapaza sauti. Mwingine akashauri gari lilazwe ubavu lipitishwe kama kitanda. Huyo ni mtu ambaye hajawahi kuinua injini maishani mwake.

Sasa najua mnajiuliza ni mtu gani mwenye akili timamu anayetengeneza gari mahali lisipoweza kutoka. Haya, sikilizeni.

Gari lile lilikuwa la jeshi, la wazi nyuma, ambalo magurudumu yote manne huvuta. Mzungu mmoja mtafuta dhahabu alilitelekeza Nyambureti, ng'ambo ya Mto Mara, injini imekufa na viti vimeliwa na mchwa. Nyamhanga, ambaye vitani alikuwa dereva na fundi wa magari ya namna hiyohiyo, alilipata kwa dume moja la madoa. Akalifungia maksai, akasubiri mto upungue, akalikokota mpaka kwao Nyamisangura. Liliingia bomani kwa baba yake kwa lango lilelile, tena kwa nafasi. Nje asingeweza kuliacha. Fisi wa huku wanatafuna kila kitu, ngozi, tairi, hata nyaya. Na fisi wa miguu miwili nao wapo, wale ambao wakiona chuma wanawaza mikuki. Kwa hiyo gari likalala na ng'ombe, juu ya mawe, na siku hiyohiyo Nyamhanga akapima upana wa lango kwa kamba ya katani, akafunga fundo, akaivaa kiunoni. Kila alichokiongeza kwenye gari alikipima kwa kamba ile.

Na aliongeza kwelikweli. Ekseli zake za mwanzo zilikuwa nyembamba, hazikufaa kubeba mizigo mizito, akapata za lori lililoungua njia ya Musoma, pana na ngumu. Akainua springi ili tumbo la gari lisiguse mawe ya korongoni. Akajenga bodi la mbao za mvule. Na chini kwenye chasisi, Waisiko mhunzi alifunga vyuma vipya kwa ribiti, ile misumari minene inayogongwa ikiwa nyekundu kwa moto, ikipoa imeshika moja kwa moja. Kila kitu kilikaa ndani ya fundo la kamba. Kazi safi.

Ila katikati ya kazi hiyo wezi wa ng'ombe walikuja. Waliondoa magogo ya lango alfajiri, wakaswaga kundi zima kwa mkupuo, kwa kuwa lango lilikuwa pana. Ng'ombe wengi walirudishwa, baada ya mishale na damu. Kesho yake Mzee Mogesi, baba yake Nyamhanga, akasema lango lipunguzwe, ng'ombe wapite mmoja mmoja kama watu wanaoingia kanisani. Akachomeka fimbo yake ardhini hapa na pale. Na aliyechimba mashimo pale fimbo ilipochomekwa, akasimamisha nguzo, akashindilia udongo kwa kisigino, ni nani? Nyamhanga mwenyewe, kamba ikiwa kiunoni! Siku ile gari lilikuwa mifupa mitupu juu ya mawe, naye alikuwa anawaza mishale. Akili ni nywele, kila mtu ana zake, na zake siku hiyo zilikuwa zimenyolewa.

Jambo lenyewe lingekuwa la kucheka tu kama si Nyamongo. Kule kwenye machimbo ya dhahabu kulikuwa na msimamizi anaitwa Stanslaus, aliyekuwa naye vitani, na Stanslaus alikuwa ameahidi. Mvua zikikatika, mwenye gari atakayetangulia kufika ndiye atakayebeba magogo ya mgodini, naye atapewa nyumba ya bati ya kuishi na mkewe. Nyumba yake! Nyamhanga alikuwa ameendesha magari katika nchi ambazo baba yake hakuyajua hata majina yake, halafu akarudi nyumbani kuomba ruhusa ya kuchinja jogoo. Kaka yake Tomaso alibaki Bama, kaburini. Mtoto wa kiume pekee aliyebaki alikuwa yeye, na kila alipogeuka katika boma lile aligonga neno la baba. Alimheshimu mzee, na alikuwa anakosa hewa. Yote mawili ni kweli.

Mvua zilikuwa zimekatika.

Akamfuata mzee mchana uleule. Mzee Mogesi alikuwa amekaa kwenye kigoda chake kando ya ua, ananusa ugoro, anatazama gari kama mtu anavyomtazama mgeni asiyejua kuaga.

"Shikamoo, tata."

"Marahaba, mura."

"Naomba lango lipanuliwe."

"Lipanuliwe la nini?"

"Gari lipite."

"Kwani gari lako ni ng'ombe?" Mzee alifunga kichupa cha ugoro. "Ng'ombe akitoka asubuhi, jioni anarudi mwenyewe na tumbo limejaa. Hilo lako likitoka litarudi?"

Uongo ulimjia Nyamhanga mdomoni, akaumeza. Mbele ya baba yake hata uongo ulikuwa na lango jembamba.

"Nguzo nimeshazipaka, mbuzi ameshaliwa," mzee akasema. "Lango si mlango wa duka, leo upana huu, kesho upana ule."

Na hapo ndipo palipokuwa na kifungo chenyewe. Katika ukoo ule nguzo za lango huwekwa kwa amri ya mwenye boma, hupakwa majani ya tumboni mwa mbuzi aliyechinjwa, na hakuna mwingine wa kuzigusa. Anayezing'oa baba yake akiwa hai anamwambia baba yake afe. Kutoboa ua mahali pengine? Ua hutobolewa mara moja tu, siku ya kutoa maiti ya mwenye boma. Nyamhanga aliyajua yote hayo tangu utoto, na ndiyo maana hakubishana. Aliondoka akaenda kumwita Waisiko.

Waisiko mhunzi aliingia chini ya gari kifudifudi, akagonga hapa, akagonga pale, akatoka akijipangusa magoti.

"Bodi litatoka," alisema. "Ekseli hazitoki. Nikikata hizi ribiti, chuma kitapasuka pamoja nazo. Utakachopitisha langoni kitanifaa mimi kufulia kengele za ng'ombe."

"Hakuna njia nyingine?"

"Mura, wewe ndiye uliyeniambia nifunge kitu kisifunguke. Nimefunga."

Basi likaanza lile ambalo watu wa Nyamisangura walilisimulia muda mrefu. Kila asubuhi, ng'ombe wakishatoka malishoni, Nyamhanga aliwasha gari. Alikwenda nalo kutoka kibanda cha mbuzi hadi langoni. Pale alisimama, akatia gia ya kurudi nyuma, akarudi hadi kibanda cha mbuzi. Halafu langoni. Halafu kibandani. Alisema anafanya hivyo ili injini isife. Watoto walipanda nyuma wakaimba, mwanzoni, kisha wakaacha wenyewe, kwa sababu uso wa dereva ulikuwa unawatisha. Magurudumu yalichimba mifereji miwili kwenye samadi, ikiishia miguuni mwa nguzo.

Wegesa hakulitoa sanduku garini. "Likitoka hapa litatoka limepanda," alisema. Kuku mmoja akaanza kutaga chini ya kiti chake. Siku moja watu waliotoka mnadani walileta salamu za Stanslaus: kuna mtu wa Musoma ana lori, anaiulizia kazi ileile, mwambieni Nyamhanga asilale.

"Asilale!" Wegesa akacheka, kicheko kisicho na raha. "Mwambieni hajalala. Amefungiwa zizini."

"Wegesa, ngoja."

"Ningoje nini? Mama yako ananihesabia kuni. Baba yako ananiuliza nakwenda kisimani kufanya nini. Kisimani, Nyamhanga! Mimi niliolewa na dereva." Akamshika mkono. "Kata ile nguzo moja tu."

Neno hilo likamwingia. Siku ya pili yake, jua la mchana, mzee akiwa ameenda kunywa pombe ya mtama kwa jirani, Nyamhanga alichukua shoka akaenda langoni. Nguzo zile zilikuwa za mti mbichi alipozisimamisha, na sasa zilikuwa zimechipua. Majani madogo ya kijani yalikuwa yameota juu ya kichwa chake. Aliinua shoka. Alikawia kulishusha, na alijichukia kwa kukawia huko, yeye ambaye alivusha magari ya risasi kwenye madaraja ya magogo.

"Nyamhanga."

Mama yake, Ghati, alikuwa amesimama hatua chache kutoka kwake, ungo umeanguka miguuni, mtama umemwagika. Hakupiga kelele. Alikuwa ameshika fundo la shuka yake begani, vidole viko tayari. Hakuna mtoto wa huku asiyejua maana yake. Mama akivua nguo mbele ya mwanawe, hiyo ni laana isiyo na dawa, na mama mwenyewe hapendi kuitoa, kama wewe usivyopenda kuipokea.

"Usinifanye niifungue," alisema. "Nakuomba, mwanangu."

Nyamhanga akaliacha shoka likaanguka. Akapiga magoti pale chini akaanza kumsaidia kuokota mtama, punje kwa punje.

Jioni, mzee alipokwisha kufunga lango kwa mkono wake kama kila jioni, alimwita.

"Nimesikia shoka lilifika langoni."

"Ndiyo, tata."

"Mbona halikukata?"

"Mama alinizuia."

"Mama yako ana akili kutushinda sisi wawili." Kisha akasema, kwa sauti ambayo Nyamhanga hakuijua, sauti ya mtu aliyechoka kushika kitu, "Kesho nitakupa lango."

Jamani! Nyamhanga alikimbia kwa mkewe kama kijana aliyekubaliwa posa. Walicheka, wakakumbatiana, wakamfukuza kuku garini. Wegesa alilifuta sanduku vumbi.

Asubuhi wazee watatu wa ukoo walikuja, mbuzi akachinjwa. Mzee Mogesi alimpa mwanawe fimbo. "Chomeka mwenyewe," akasema. Nyamhanga alichomeka kwa kamba yake, akaongeza na shibiri mbili za akiba, aliyeumwa na nyoka bwana. Aling'oa nguzo za zamani kwa mikono yake, akasimamisha mpya, akazipaka. Baba yake alimkabidhi magogo ya kufungia, moja baada ya jingine, kisha akainuka kwenye kigoda, akakisukuma kwa mguu kuelekea kwa mwanawe, yeye akaenda kukaa juu ya jiwe. Mzee mmoja wa ukoo alisema maneno. Alisema aliyesimamisha nguzo ndiye mwenye boma, na kwa hiyo ndiye anayefungua na kufunga. Alisema jua lisizame lango likiwa wazi. Alisema jioni ambayo mkono wake hautafunga, ng'ombe wahamishiwe kwa jirani, na boma lihesabiwe limekufa, hata kama kuna watu ndani.

Nyamhanga aliitikia ndiyo, ndiyo, ndiyo. Mtu mwenye njaa akipakuliwa chakula haulizi nani amepika. Macho yake yalikuwa kwenye ule uwazi kati ya nguzo.

Wegesa alikuwa amesimama nyuma, na uso wake ulikuwa umebadilika.

"Umesikia walichosema?" alimuuliza walipokuwa wanapanda.

"Nimesikia."

"Umesikia nini?"

"Kwamba gari linapita!"

Na lilipita. Lilipita huku nafasi ikibaki kushoto na kulia, likashuka mteremko, likaingia barabarani, na Nyamhanga akapiga kelele kama mtoto. Walipita mashamba ya mihogo, wakapita makorongo ambayo malori ya watu hukwama, na magurudumu manne yakavuta yote kwa pamoja, taratibu, bila kulalamika. Wegesa mwenyewe akaanza kuimba. Ninawaambia, kama siku ile ingekatwa pale njiani isiendelee, wale wangekuwa watu wenye furaha kuliko wote wa Mara.

Walifika Nyamongo jua likiwa limeanza kuinama. Stanslaus alitoka mbio akamkumbatia.

"Nilisema umekufa! Mtu wa Musoma anafika kesho, nimekuwekea nafasi kwa meno." Akawaonyesha nyumba. Ilikuwa ya bati, chumba kimoja na sebule, ina mlango wenye kufuli na ufunguo wake. Wegesa aliushika ufunguo ule akauzungusha mkononi. "Kazi inaanza sasa hivi," Stanslaus akasema. "Magogo yanabebwa usiku na mchana. Gari linalala hapa hapa mgodini."

"Linalala hapa," Nyamhanga akarudia.

"Sasa lilale wapi?"

Hapo ndipo maneno ya wazee yalipomfikia. Yalikuwa yameachwa nyuma na gari, yakaja kwa miguu, yakafika. Alitazama jua. Akaona ng'ombe wa baba yake wanarudi kutoka malishoni, wanasimama mbele ya lango. Akamwona mama yake anasimama nao. Akamwona mzee amekaa juu ya jiwe, mikono mapajani, haruhusiwi tena kushika hata gogo moja. Jirani anakuja kuswaga ng'ombe, na mtu anatamka: boma la Mogesi limekufa. Mogesi yuko pale anasikia.

"Nitarudi kesho alfajiri," alisema. "Nitakuja kila siku alfajiri, Stanslaus, nitabeba mzigo wa watu wawili, ila jioni lazima niende nyumbani."

Stanslaus akamtazama kama anayemtafuta rafiki yake ndani ya yule mtu. "Kuna mgonjwa?"

"Kuna lango."

"Ndugu yangu," Stanslaus akasema polepole, "mimi nikimwambia bwana mkubwa wa mgodi kwamba dereva wangu anaenda kufunga lango, kazi tutaikosa wote wawili."

Nyamhanga alimgeukia mkewe. Wegesa alikuwa bado na ufunguo.

"Wewe unasemaje?"

"Mimi nilikuuliza asubuhi umesikia nini," Wegesa alisema. Machozi yalikuwa yanamtiririka, hakuyafuta. Alimrudishia Stanslaus ufunguo, akapanda garini, akalipakata sanduku.

Nyamhanga alilipiga teke gurudumu lake mwenyewe, gurudumu zuri lile, mpaka mguu ukauma. Kisha akageuza. Njia nzima ya kurudi alikuwa anakimbizana na jua, na gari lilimtii kwa kila kitu, hakupata hata pancha ya kumsingizia.

Ng'ombe walikuwa wamesimama mbele ya lango, wanalia. Mama yake alikuwa katikati yao. Nyamhanga aliwaingiza, akaingiza gari nyuma yao, akaanza kufunga. Lango lilikuwa pana sasa, kwa hiyo magogo yalikuwa marefu, na kila moja lilikuwa zito kuliko yote aliyowahi kuona baba yake akiinua. Alipomaliza alimwendea mzee pale kwenye jiwe, hakumwamkia.

"Ulijua."

"Nilijua."

"Kwa nini, tata? Ungenikatalia tu! Kukataliwa nilishazoea!"

"Keti."

"Sikai!"

"Basi simama." Mzee alitoa kichupa cha ugoro, akakitazama, akakirudisha. "Nilipokuwa kijana nilitaka kwenda Kisumu kwenye reli. Watu walisema kuna nyumba ndefu zinatembea juu ya chuma. Nilifunga kibuyu changu na ngozi yangu ya kulalia. Baba akasema, vizuri, lakini kwanza njoo nikupe lango. Nikafurahi, nikafikiri ananibariki. Nilifika kwenye mto wa kwanza ndipo nikaelewa. Nililia, nikakasirika kama wewe. Nikarudi, na tangu siku hiyo sijalala nje ya boma hili, hata usiku mmoja."

"Na ukanifanyia hayohayo."

"Nilimngoja Tomaso anipokee. Tomaso akabaki kwa watu. Nikakungoja wewe, ukaja na chuma, nikaona nitafia hapa nimeshika gogo." Sauti yake ikakatika. "Ng'ombe haelemewi na nundu yake, mura. Hivyo ndivyo nilivyoambiwa mimi. Ni uongo. Inaelemea."

Hasira ya Nyamhanga ilikuwa nzima, haikupungua hata kidogo, ila ilikuwa imekosa mtu wa kumpiga.

"Sasa mimi nitamngoja nani?" aliuliza.

Mzee akamtazama mtoto aliyelala mgongoni mwa Wegesa. Wegesa akaivuta shuka akamfunika mtoto mpaka kichwani, akaingia ndani.

Asubuhi Nyamhanga alifungua lango, ng'ombe wakatoka. Alipogeuka alimkuta baba yake ameketi garini, kwenye kiti cha Wegesa, amevaa koti la zamani, kibuyu na ngozi ya kulalia viko mapajani.

"Nipeleke Sirari," mzee alisema. "Nasikia pale kuna malori ya Kisumu."

Nyamhanga alimtazama mama yake. Ghati alikuwa amesimama mlangoni, shuka imekaza begani. "Mpeleke," alisema. "Nimeolewa naye miaka yote hii, nimeishi na mtu anayetazama barabara."

Njia nzima mzee hakunyamaza. Alishika mlango, akashika kioo, akauliza hiki cha nini na kile cha nini, akacheka gari liliporuka tuta. Nyamhanga hakuwa amewahi kusikia kicheko kile, na kilimuuma, kwa sababu kilifanana na chake cha jana. Sirari walipata lori linalopakia mahindi. Mzee alipandishwa juu ya magunia, akakaa, akajifunga koti.

"Utarudi lini, tata?"

"Nitarudi lini!" Mzee Mogesi akalirudia swali hilo kama mtu anayeonja asali. "Sijui, mura. Hebu ona, sijui!"

Lori likaondoka. Nyamhanga alibaki kando ya barabara mpaka vumbi likatua. Gari lake lilikuwa linanguruma nyuma yake, zima, tangi limejaa, njia ya kwenda Kisii wazi, njia ya kwenda Musoma wazi. Aliinua macho akatazama jua. Lilikuwa limeshapita utosi. Akapanda, akageuza, akakanyaga mafuta, maana ng'ombe hawangoji.